Sukari ya akiba katika seli ya hamira: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unajibu maswali ambayo wanafunzi, waokaji na watu wa maabara huuliza kila mara kuhusu sukari ambayo hamira hujiwekea ndani ya seli zake. Majibu yanahusu zaidi hamira ya kuoka na kuchachusha, Saccharomyces cerevisiae, kwa kuwa ndiyo iliyochunguzwa kuliko nyingine zote. Jambo moja litajirudia katika majibu mengi: akiba hii hulisha na pia hukinga, na seli hunusurika kwa kujua wakati wa kuiweka na wakati wa kuiondoa.

Seli ndogo hivyo inahitaji akiba ya nini?

Haiwezi kukimbia. Seli ya hamira ina upana wa mikromita 5 hadi 10 hivi, haina mkia wa kuogelea, na porini huishi kwenye ganda la tunda, gome la mti au ndani ya utumbo wa mdudu. Jua likichoma, maji yakikauka, sukari ikiisha, au pombe iliyoitoa yenyewe ikizidi kiasi, inabaki palepale ilipo. Njia iliyobaki ni kubadilisha hali ya ndani, na sukari ya akiba ni sehemu kubwa ya mabadiliko hayo.

Tena kwa hamira dhiki ndiyo hali ya kila siku. Porini chakula hupatikana kwa vipindi vifupi, na kati ya kipindi na kipindi seli hutulia zikisubiri. Anayeichunguza hamira kwenye chupa yenye glukosi tele anaona upande mmoja tu wa maisha yake.

Ni sukari zipi hasa zinazowekwa?

Mbili: glikojeni na trehalosi. Zote zimejengwa kwa glukosi tupu, lakini maumbo yake ni tofauti sana, na kazi zake pia.

Glikojeni ni mnyororo mrefu wenye matawi mengi, na molekuli moja huweza kubeba maelfu ya glukosi. Ni jamaa ya wanga wa mimea, na ni ileile iliyomo katika ini na misuli ya binadamu. Claude Bernard ndiye aliyeitenga kutoka kwenye ini, mwaka 1857. Trehalosi ni ndogo, glukosi mbili tu zilizoshikana. Ilitambuliwa kwanza mwaka 1832 katika ergoti, kuvu inayoota kwenye masuke ya nafaka.

Seli inayokua kwa kasi kwenye glukosi nyingi karibu haina trehalosi kabisa: chini ya asilimia 1 ya uzito wake mkavu. Seli hiyohiyo ikikumbwa na njaa au joto, kiwango kinaweza kupita asilimia 15. Glikojeni nayo hupanda na kushuka kwa ukubwa wa namna hiyo. Viumbe vichache hubadilisha muundo wa miili yao kiasi hiki kwa muda wa saa chache.

Kwa nini isijiwekee glukosi kama ilivyo?

Kwanza, glukosi huru ikijazana ndani ya seli huvuta maji kutoka nje, na seli ingevimba. Maelfu ya glukosi yaliyofungwa katika molekuli moja ya glikojeni huvuta maji kidogo mno yakilinganishwa na maelfu yaleyale yakiwa huru.

Pili, glukosi huru ina ncha yenye tabia ya kushikana na protini na kuziharibu polepole. Katika trehalosi, ncha za glukosi zote mbili ndizo zilizofungwa pamoja, kwa hiyo haina upande wa kushambulia kitu chochote. Seli inaweza kujijaza trehalosi bila kujidhuru. Sukari ya kawaida, sukrosi, nayo haina ncha huru, lakini kiungo chake huvunjika kwa urahisi kwenye asidi na joto. Kiungo cha trehalosi ni kigumu zaidi, na ugumu huo una thamani kubwa kwa kiumbe kinachoitegemea wakati wa joto.

Trehalosi hutengenezwaje?

Kwa hatua mbili. Kimeng'enya kiitwacho Tps1 huchukua glukosi iliyobebwa na UDP, molekuli ndogo ya kubebea sukari, na kuiunganisha na glukosi yenye fosfeti. Kinachopatikana ni trehalosi-6-fosfeti. Kisha Tps2 huondoa fosfeti na kuacha trehalosi safi. Vimeng'enya hivi viwili hufanya kazi vikiwa vimeshikana katika kundi moja pamoja na protini mbili za usimamizi, Tsl1 na Tps3.

Njia hii iligunduliwa katika hamira na Luis Leloir na Enrico Cabib huko Buenos Aires, waliochapisha kazi yao mwaka 1953. Leloir alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1970 kwa utafiti wake kuhusu aina hii ya ujenzi wa sukari.

Kuvunja ni kazi ya vimeng'enya vingine. Nth1 hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo ndani ya seli, kikisaidiwa na ndugu yake Nth2. Ath1 huhusika zaidi na trehalosi iliyoko nje ya seli. Kujenga trehalosi moja hugharimu nguvu sawa na ATP tatu (ATP ni molekuli inayobeba nguvu ndani ya seli), na Nth1 inapoivunja kuwa glukosi mbili hakuna hata moja inayorudi. Gharama hiyo ilikuwa dalili ya mapema kwamba trehalosi haipo kwa ajili ya chakula tu.

Seli hujuaje kwamba wakati wa kuweka akiba umefika?

Kiungo kikuu cha habari hizi ni kimeng'enya kinachoitwa PKA. Glukosi ikiwa tele, PKA huwa macho, na kazi yake ni kuihimiza seli ikue. Huiamsha Nth1 ili trehalosi ivunjwe, huzuia ujenzi wa glikojeni, na huzifungia nje ya kiini protini mbili, Msn2 na Msn4.

Glukosi ikipungua, PKA hupoa. Msn2 na Msn4 huingia kwenye kiini, hushika sehemu fupi za DNA zenye mfuatano AGGGG, na kuwasha karibu jeni 200. Miongoni mwake zimo za kujenga trehalosi na glikojeni, za kupambana na oksijeni korofi, na za protini zinazookoa protini nyingine. Joto, chumvi, pombe na ukavu nazo huzisukuma Msn2 na Msn4 kwenye kiini, kwa hiyo dhiki za aina nyingi huitikiwa kwa mkondo mmoja wa mwanzo.

Kuna wasimamizi wengine pia. Kimeng'enya Snf1 huhitajika ili glikojeni ijengwe glukosi inapokwisha, na kingine, Pho85, huvuta upande wa pili kwa kuzuia ujenzi huo. Katika hamira inayokua kwenye glukosi, glikojeni huanza kuwekwa glukosi ikiwa imefika nusu hivi, kabla ya njaa yenyewe. Trehalosi hufuata baadaye, karibu na pale glukosi inapokatika na seli kugeukia pombe iliyoizalisha. Kupishana huku kwa nyakati kunaonyesha kwamba seli haizichukulii sukari hizi mbili kama kitu kimoja.

Joto linapopanda, nini hutokea ndani ya seli?

Hapa ndipo penye mambo mengi, na ndipo tulipojifunza zaidi kuhusu trehalosi.

Hamira ikihamishwa ghafla kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 40, kiwango cha trehalosi hupanda mara nyingi zaidi ndani ya saa moja. Shida inayoikabili seli ni ya protini zake. Kila protini ni mnyororo uliokunjwa kwa umbo lake maalumu, na sehemu zinazoepuka maji zikiwa zimefichwa ndani. Joto hulegeza mikunjo hiyo na sehemu za ndani hujitokeza. Protini mbili zilizofunuka zikikutana hushikana, nyingine hujiunga, na mwishowe hutokea mabonge yasiyo na kazi. Seli yenye mabonge mengi hufa.

Trehalosi huzifanya protini zilizokunjwa zistahimili joto zaidi, na huzizuia zile zilizofunuka nusu zisishikane. Wakati huohuo seli huunda protini za kuokoa. Mashuhuri kati yake ni Hsp104, ambayo huchomoa mnyororo mmojammoja kutoka kwenye bonge, kisha Hsp70, protini nyingine ya kuokoa, na wenzake huusaidia kujikunja upya. Trehalosi huzuia uharibifu usiwe mkubwa, na Hsp104 hutengeneza ulioharibika.

Kwa miaka mingi trehalosi ilihesabiwa kuwa chakula cha akiba, basi. Mwaka 1990 Andres Wiemken, mtafiti wa Basel nchini Uswisi, alitoa hoja kwamba katika hamira sukari hii ni kinga dhidi ya dhiki zaidi kuliko chakula. Hoja yake iliegemea jambo ambalo yeyote anaweza kulipima: trehalosi hupanda hata pale chakula kinapokuwepo, ilimradi joto limezidi.

Joto likishuka, kwa nini trehalosi iondolewe haraka? Si ingeachwa tu?

Ikiachwa, inadhuru. Mwaka 1998 Mike Singer na Susan Lindquist walionyesha pande zote mbili za jambo hili. Trehalosi nyingi ilizuia protini zilizofunuka zisigandane, kama ilivyotarajiwa. Lakini kiwango hicho hicho kilizizuia pia kujikunja upya baada ya joto kupita, hata vifaa vya kuzikunja vilipokuwepo. Ni kama banzi linalofungwa kwenye mkono uliovunjika: linaushika mfupa usipinde, na lisipofunguliwa kwa wakati mkono haukunjuki.

Hamira zilizoondolewa jeni ya Nth1 zinathibitisha hilo. Hujaza trehalosi vizuri wakati wa joto, kisha huchelewa kurudia hali yao baada ya joto kuisha. Hapo ndipo lilipoeleweka jambo lililokuwa limewatatiza watafiti kwa muda: joto huwasha jeni za kujenga trehalosi na pia jeni ya kuivunja, kwa wakati mmoja. Mtu angedhani seli inajipinga. Kumbe inajiandaa kuingia kwenye dhiki huku ikiwa tayari na njia ya kutokea. Binafsi naona hili ndilo jambo la kustaajabisha kuliko yote katika mada hii, na linastahili kufundishwa mapema darasani badala ya kuachwa kwenye tanbihi.

Ni kweli kwamba dhiki ndogo huiandaa seli kwa dhiki kubwa?

Ndiyo. Hamira iliyokaa kwa muda kwenye nyuzi 37 hustahimili nyuzi 50 vizuri zaidi kuliko iliyotolewa moja kwa moja kutoka nyuzi 25. Na kinga hiyo huvuka mipaka: seli iliyoonjeshwa joto huvumilia pia pombe au kugandishwa kuliko ambayo haikuonjeshwa. Sababu ni ule mkondo wa pamoja wa Msn2 na Msn4, pamoja na ukweli kwamba madhara ya dhiki nyingi huishia kwenye vitu vilevile viwili, yaani protini na tando.

Hamira kavu hukaaje hai miezi mingi bila maji?

Hamira kavu inayouzwa ina maji asilimia 4 hadi 8 tu. Kwa viumbe vingi hicho ni kifo. Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zinazotenganishwa kidogo na maji yanayoshikilia vichwa vyake. Maji yakiondoka, molekuli za mafuta husongamana, utando hugeuka kuwa mgumu, na maji yakirudi hupasuka au kuvuja. Protini nazo hupoteza umbo, kwa kuwa maji ni sehemu ya kinachoziweka sawa.

Kuna maelezo mawili ya jinsi trehalosi inavyookoa, na kwa maoni yangu yanakamilishana. La kwanza ni kwamba trehalosi hukaa mahali pa maji: vikundi vyake vya hidroksili hushikana na vichwa vya mafuta na nyuso za protini kama maji yalivyokuwa yakifanya. John na Lois Crowe wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walilijenga wazo hili na kulitangaza pamoja na wenzao mwaka 1984. La pili ni kwamba trehalosi iliyokauka haifanyi fuwele kwa urahisi, ila hugeuka kioo. Ndani ya kioo molekuli karibu hazisogei, kwa hiyo haziharibiani. Kioo cha trehalosi kavu kabisa hulainika kwenye joto linalozidi nyuzi 100, juu kuliko cha sukari nyingi za ukubwa wake, na hilo humaanisha kwamba hubaki kigumu hata mahali penye joto la kawaida na unyevu kidogo.

Hugo Tapia na Douglas Koshland waliongeza jambo muhimu mwaka 2014. Hamira isiyoweza kutengeneza trehalosi ilistahimili ukavu wa muda mfupi, kisha ikafa mapema kadiri siku zilivyosonga. Yenye trehalosi ilidumu. Mwaka uliofuata wao na wenzao walionyesha kwamba kuingiza trehalosi ndani ya seli zinazokua, ambazo kwa kawaida hufa zikikaushwa, kulitosha kuzifanya zistahimili ukavu.

Viwandani mambo haya yanatumika kila siku. Karibu na mwisho wa kuikuza hamira ya kukaushwa, nitrojeni hupunguzwa huku sukari ikiendelea kutolewa kidogokidogo. Seli hushindwa kuongezeka, na sukari inayoingia huelekezwa kwenye trehalosi.

Kwa nini aina nyingi za hamira kavu hulowekwa kwenye maji ya uvuguvugu?

Kwa sababu ya utando. Ukiwa mkavu na baridi, mafuta yake yamekaza. Maji baridi yakiingia, utando hupita kutoka hali ya kukaza hadi ya kulegea ukiwa tayari umelowa, na wakati wa kupita huko huvuja. Vilivyomo ndani ya seli humwagika nje. Maji ya nyuzi 38 hadi 43 hulegeza mafuta upesi, utando ukajifunga kabla hasara haijawa kubwa. Trehalosi husaidia kwa kushusha kiwango cha joto ambacho utando mkavu unahitaji ili ulegee. Hamira kavu ya chembe ndogo iliyotengenezwa kuchanganywa moja kwa moja na unga inavumilia zaidi, lakini nayo haipendi maji ya barafu.

Na baridi na kugandishwa?

Hamira iliyokaa karibu na nyuzi 0 hujaza trehalosi na glikojeni, pamoja na gliseroli. Barafu inapojengeka nje ya seli, maji ya ndani huvutwa kwenda nje, kwa hiyo kuganda ni aina ya kukaushwa, na kinga yake inafanana.

Tatizo la waokaji wa donge la kugandishwa ni la wakati. Hamira ikishachanganywa na unga na maji huanza kuchachusha, glukosi huamsha PKA, Nth1 huwaka, na trehalosi huyeyuka ndani ya dakika chache. Donge likienda kwenye friza baada ya hapo, seli zinagandishwa zikiwa zimekwisha kuvua kinga yao. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waliondoa jeni za kuvunja trehalosi katika hamira ya viwandani, na donge lililotengenezwa nayo lilistahimili kugandishwa vizuri zaidi. Njia rahisi, ambayo haihitaji kugusa jeni, ni kuchanganya donge likiwa baridi na kuligandisha kabla halijaanza kuumuka.

Chumvi na pombe je?

Kwa chumvi nyingi, au sukari nyingi nje ya seli, silaha ya kwanza ni gliseroli. Hutengenezwa kwa wingi kupitia mkondo wa Hog1, kimeng'enya kinachoitikia chumvi, ili kurudisha usawa wa maji. Trehalosi ni msaidizi hapo.

Kwa pombe, shabaha kuu ni utando, ambao hulegea kupita kiasi na kuanza kupitisha ioni. Seli zenye trehalosi nyingi kwa kawaida hufanya vizuri zaidi, lakini aina ya mafuta ya utando na wingi wa ergosteroli, steroli ya utando wa kuvu, vina uzito mkubwa zaidi.

Nimesoma mahali kwamba trehalosi haikingi kitu, ila ni kimeng'enya chake. Nani yuko sahihi?

Swali hili ni la haki, na linaonyesha kwa nini majaribio ya zamani yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kwa miaka mingi ushahidi ulikuwa huu: ondoa jeni ya TPS1, seli inakosa trehalosi, na inakufa kwa joto upesi. Lakini kuondoa jeni hiyo huondoa pia protini ya Tps1 na huvuruga matumizi ya glukosi. Mambo matatu yanaondoka kwa pamoja, na haijulikani lipi lililoua.

Mwaka 2015 kundi la Toulouse nchini Ufaransa liliyatenganisha. Walitumia aina ya Tps1 ambayo ipo kama protini ila haiwezi kutengeneza sukari, na pia wakaipa hamira trehalosi kutoka nje. Katika dhiki kadhaa walizopima, uwepo wa protini ya Tps1 ndio uliokuwa na uzito, na trehalosi peke yake haikutosha.

Msomaji asikimbilie kuitupa trehalosi. Kazi ya Tapia na Koshland ilihusu ukavu, na huko sukari yenyewe ilionyesha nguvu kwa kuingizwa moja kwa moja. Uwezo wake wa kulinda protini na tando umeonekana mara nyingi ndani ya mirija ya maabara, pasipo Tps1. Kwa jinsi ninavyousoma ushahidi, katika ukavu trehalosi ni mlinzi kweli, na katika joto na dhiki nyingine inagawana kazi na Tps1 na protini za kuokoa.

Kwa nini hamira isiyo na Tps1 hushindwa kukua kwenye glukosi, ambayo ndiyo chakula inachokipenda?

Kwa sababu hukosa breki. Katika hatua za mwanzo za kuvunja glukosi, seli hutumia ATP kwanza ndipo ipate nyingi zaidi baadaye. Trehalosi-6-fosfeti, ile ya katikati, huizuia heksokinesi, kimeng'enya kinachoipa glukosi fosfeti yake ya kwanza, isikimbie. Bila breki hiyo, glukosi nyingi huingia kwa pupa, sukari zenye fosfeti hulundikana, fosfeti huru na ATP huisha, na hatua za chini husimama. Seli hufa njaa ikiwa imezungukwa na chakula. Kwenye galaktosi au gliseroli, hamira hiyohiyo hukua.

Mwaka 2014 kundi lililohusisha watafiti wa Amsterdam lilionyesha kwamba hata katika hamira ya kawaida, sehemu ndogo ya seli huangukia mkwamo huo zinapokutana na glukosi ghafla. Mzunguko wa kujenga na kuvunja trehalosi, ambao ungeonekana kuwa upotevu wa ATP, huachilia fosfeti wakati muhimu na kuzivusha seli nyingi salama.

Glikojeni ina kazi gani, basi?

Chakula, kwanza kabisa. Ni nguvu ya kuendeshea maisha ya taratibu wakati wa njaa, na ina unafuu: inapokatwa na kimeng'enya fosforilesi hutoa glukosi yenye fosfeti tayari, hivyo seli huokoa ATP moja kwa kila kizio.

Watengenezaji wa bia wanaijua vizuri. Hamira inayoingizwa kwenye chungu kipya cha kuchachushia inahitaji kujenga steroli za utando kwa haraka, maana hewa iliyoyeyuka humo ni kidogo na huisha upesi. Glikojeni ndiyo hutoa nguvu na malighafi za kazi hiyo. Hamira iliyohifadhiwa muda mrefu, au mahali penye joto, huwa imekula glikojeni yake. Uchachushaji huanza kwa kusuasua na huenda usikamilike. Ushauri wangu kwa anayetumia hamira ile ile mara kwa mara ni kuihifadhi kwenye baridi karibu na nyuzi 4 na kutoichelewesha.

Seli ikipata chakula tena, akiba huenda wapi?

Hutumika kuamkia. Seli zilizotulia huanza kuvunja trehalosi ndani ya dakika chache za kuonja glukosi. Mwaka 2016 ilionyeshwa pia kwamba Cdk1, msimamizi wa kugawanyika kwa seli, huiamsha Nth1 moja kwa moja, ili akiba ifunguliwe wakati seli inapojitolea kuchipua. Katika ukuaji wa polepole sukari hizi hujengwa na kubomolewa kila mzunguko.

Spora za hamira nazo, nne ndani ya mfuko mmoja, huwa na trehalosi nyingi, na huitumia zinapoota.

Akiba haiozi, husemwa. Je, trehalosi nyingi ni bora daima?

Hapana. Seli zilizojaa trehalosi hutokana na ukuaji wa taratibu, na kwa kawaida huchelewa kidogo kuanza kazi. Hamira mbichi ya vipande, yenye maji asilimia 70 hivi, hukuzwa kwa lengo la kuchachusha upesi na hudumu wiki chache tu kwenye friji. Iliyokaushwa hupoteza upesi kidogo ili ipate kudumu. Mkuzaji lazima achague anachohitaji.

Binadamu hutengeneza trehalosi?

Hatutengenezi. Tuna kimeng'enya cha kuivunja kwenye utumbo mdogo, hivyo tukila uyoga wenye trehalosi tunaimeng'enya kuwa glukosi. Wadudu wanayo, tena ndiyo sukari kuu ya damu yao.

Tofauti hii kati yetu na kuvu ina umuhimu kwa tiba. Candida albicans na Cryptococcus neoformans, kuvu zinazoweza kuua wagonjwa wenye kinga dhaifu, hutegemea njia ya Tps1 na Tps2 kustahimili joto la mwili. Zikiondolewa jeni hizi, uwezo wao wa kuleta ugonjwa katika wanyama wa maabara hupungua sana. Dawa inayozuia vimeng'enya hivyo isingekuwa na mwenzake wa kumdhuru mwilini mwetu, na ndiyo sababu njia hii inatafitiwa kama shabaha ya dawa.

Nikitaka kuiona akiba hii kwa macho, nianzie wapi?

Anza na glikojeni, kwa iodini. Otesha hamira kwenye sahani ya agari hadi madoa yake yakomae, kisha igeuze sahani juu ya chembe za iodini kwa dakika chache ndani ya chemba ya kufyonzea hewa, kwa sababu mvuke wake unaumiza macho na mapafu. Madoa yenye glikojeni hugeuka kahawia iliyokolea. Yasiyo nayo hubaki ya manjano. Rangi hufifia upesi, kwa hiyo piga picha mara moja. Ukiweka kando kwa kando seli zilizokua siku moja na zilizokua siku tatu, tofauti haihitaji kifaa chochote.

Trehalosi haitoi rangi kwa iodini. Seli huchemshwa kwenye myeyuko wa sodiamu kaboneti, ambao huitoa sukari na kuua vimeng'enya vya kuivunja. Baada ya kurekebisha asidi, huongezwa trehalesi iliyosafishwa, yaani kimeng'enya cha kuvunja trehalosi, na glukosi inayotokea hupimwa. Seli zipozwe upesi tangu zinapovunwa: zikiachwa kwenye meza, hasa karibu na chakula, Nth1 itakuwa imekula nusu ya jibu kabla hujaanza kupima.